Kupima Afya kwa Pumzi: Kitambuzi cha Gesi Kinajua Nini?



Trafiki anapomsimamisha dereva wa basi alfajiri na kumpa kifaa apulize, hakuna abiria anayeshangaa. Sote tunajua kwamba aliyekunywa pombe usiku bado anaitoa kwa pumzi asubuhi, na kwamba kifaa kile kidogo kitamtaja hata akiwa ametafuna peremende. Basi swali linalofuata huja lenyewe: kama pumzi inaweza kumtaja mlevi, kwa nini isimtaje mgonjwa? Kwa nini tuchomwe vidole, tutolewe damu na tusubiri majibu ya makohozi, wakati ingetosha kupuliza tu?

Swali hili si la udadisi mtupu. Mzazi anayemchoma mwanawe mwenye kisukari kidole mara kadhaa kwa siku angefurahi kuambiwa kwamba sindano haihitajiki tena. Na watu wapo wanaotangaza vifaa vya namna hiyo. Vingine ni vya kweli na vimeokoa maisha ya wengi. Vingine vinaahidi yasiyothibitishwa, na anayeviamini anaweza kuacha kipimo au dawa inayomweka hai.

Tungependa leo tuelewe jambo moja litakalotusaidia kuvitofautisha. Kitambuzi cha gesi hakinusi ugonjwa. Kinapima gesi, basi. Kati ya gesi ile na ugonjwa kuna safari, na kipimo kinafaa kuaminiwa pale tu safari hiyo inapojulikana hatua kwa hatua.

Pumzi imebeba nini?

Hewa tunayoivuta ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni, asilimia 21 ya oksijeni, na kaboni dioksaidi kidogo sana, chini ya asilimia 0.1. Tunapoitoa, naitrojeni imebaki karibu vilevile, oksijeni imeshuka hadi asilimia 16 hivi, na kaboni dioksaidi imepanda hadi asilimia 4 au 5. Pia imejaa mvuke wa maji, kama anavyojua kila aliyewahi kupulizia kioo.

Pamoja na hizo zipo gesi nyingine kwa viwango vidogo mno. Mwaka 1971 mwanakemia Mmarekani Linus Pauling na wenzake waligandisha pumzi za watu kwa baridi kali ndani ya mrija, wakazipasha tena na kuzitenganisha kwa mashine ya maabara. Walikuta vitu takriban 250. Tangu hapo orodha imezidi kurefuka.

Vitu hivyo huingia katika pumzi kwa njia nne. Vingine hutoka katika damu, kwa sababu ndani ya mapafu damu na hewa hutenganishwa na ukuta mwembamba sana, na chochote chenye kugeuka mvuke hupenya. Vingine hutengenezwa na njia za hewa zenyewe. Vingine hutengenezwa na bakteria, wa mdomoni au wa utumboni. Na vingine si vyetu kabisa: tumevivuta kutoka jikoni, barabarani au wodini, na sasa tunavirudisha.

Kiwango chenyewe hupimwa kwa sehemu katika milioni au katika bilioni. Tukitaka kupata picha, sehemu moja katika milioni ni kama sekunde moja katika siku 11 na nusu. Sehemu moja katika bilioni ni kama sekunde moja katika miaka karibu 32. Kitambuzi kinaombwa kuiona sekunde hiyo moja, tena ndani ya hewa yenye joto na unyevu.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Hewa ya kwanza kutoka tunapopuliza, kama mililita 150 kwa mtu mzima, ilibaki mdomoni, kooni na katika mirija. Haikufika kwenye vifuko vya hewa inakokutana na damu. Ndiyo maana anayepima hutuhimiza tuendelee kupuliza hata tunapodhani tumemaliza: anataka hewa ya mwisho, ile iliyotoka ndani kabisa.

Kitambuzi kinafanyaje kazi?

Zipo aina nyingi, lakini tatu ndizo tunazokutana nazo zaidi.

Ya kwanza hutumia oksidi ya metali. Mwaka 1962 Mjapani Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kitambuzi cha oksidi ya bati, akilenga kugundua gesi ya kupikia inapovuja majumbani. Oksidi hiyo ni semikondakta. Ikipashwa moto hadi nyuzi mia mbili au tatu za Selsiasi na zaidi, oksijeni ya hewani hunata juu yake na kushikilia elektroni zake, hivyo umeme hupita kwa shida. Ikija gesi inayopenda kuungana na oksijeni, kama vile asetoni, pombe au hidrojeni, huichukua ile oksijeni, elektroni huachiwa, na umeme hupita kwa urahisi. Tunachosoma kwenye kioo cha kifaa ni mabadiliko hayo ya umeme. Kitambuzi hiki ni cha bei nafuu na kidogo, lakini kina udhaifu mkubwa: hakijui kuchagua. Asetoni na pombe kwake zinafanana, na mvuke wa maji humvuruga mpimaji.

Ya pili hutumia kemia na umeme pamoja. Gesi inafika kwenye elektrodi, mara nyingi yenye platini, inaungua pasipo moto na kuzaa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo ukiwa mkubwa, gesi ilikuwa nyingi. Vifaa vingi vya kisasa vya kupima pombe kwa pumzi na vile vya kupima kaboni monoksaidi ni vya aina hii.

Ya tatu hutumia mwanga tusiouona, yaani mionzi ya infraredi. Kila gesi ya namna hii humeza mawimbi yake maalumu ya mionzi hiyo. Mwanga unapitishwa ndani ya pumzi, na kiasi kilichopotea upande wa pili kinaeleza gesi ilikuwapo kiasi gani. Kaboni dioksaidi hupimwa vizuri sana kwa njia hii.

Vipimo ambavyo safari yake inajulikana

Tuanze na pombe, maana ndiyo iliyotufungulia mlango. Mwaka 1954 Mmarekani Robert Borkenstein alitengeneza mashine ya kupima pombe kwa pumzi iliyoweza kutumiwa na polisi. Msingi wake ni kwamba pombe ya kwenye damu na ile ya kwenye hewa ya ndani ya mapafu zina uwiano. Nchi nyingi huhesabu kwamba mililita 2,100 za pumzi zina pombe sawa na mililita 1 ya damu. Hata hapa kuna sharti: aliyesukutua kwa dawa yenye pombe dakika mbili zilizopita atapimwa pombe ya mdomoni, si ya damuni. Kwa hiyo taratibu nzuri hudai kusubiri dakika 15 kwanza.

Cha pili ni kaboni dioksaidi katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyelazwa usingizi huingizwa mrija wa hewa. Mrija ukikosea njia na kuingia kwenye umio badala ya koo la hewa, mgonjwa anaweza kufa ndani ya dakika chache. Kitambuzi cha infraredi kikiona kaboni dioksaidi inatoka kwa kila pumzi, daktari anajua mrija uko mahali pake. Isipoonekana, anajua hatari imeingia. Hapa gesi ni moja, chanzo chake ni kimoja, na jibu huja papo hapo.

Cha tatu ni naitriki oksaidi kwa wenye pumu. Mwaka 1991 watafiti wa Sweden waliikuta gesi hii katika pumzi za binadamu, na miaka michache baadaye ilionekana kuwa nyingi kwa wagonjwa wa pumu. Njia za hewa zikiwa na uvimbe wa aina fulani, hutengeneza gesi hii kwa wingi. Mgonjwa hupuliza polepole, kwa kasi ya mililita 50 kwa sekunde. Kwa mtu mzima, kiwango chini ya sehemu 25 katika bilioni huhesabiwa kuwa cha chini, na zaidi ya 50 kuwa cha juu. Kipimo hiki humsaidia daktari kujua kama dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe itamfaa mgonjwa, au kama anaitumia inavyopasa. Lakini uvutaji wa sigara hukishusha, mboga za majani zenye naitreti nyingi hukipandisha, na si kila pumu ina uvimbe wa aina hiyo. Hivyo peke yake hakitoshi kusema nani ana pumu.

Cha nne ni hidrojeni. Seli zetu hazitengenezi hidrojeni; bakteria wa utumboni ndio wanaoitengeneza. Mtu asiyeweza kusaga sukari ya maziwa akinywa kipimo cha sukari hiyo, inafika kwa bakteria ikiwa nzima. Wanaila, hidrojeni inaingia damuni na kutokea mapafuni. Ikipanda kwa sehemu 20 katika milioni au zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya kunywa, jibu ni kwamba sukari ile haikusagwa. Mtoto anayeumwa tumbo kila akinywa maziwa anaweza kueleweka hivyo bila sindano hata moja.

Cha tano kinahusu vidonda vya tumbo. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walionyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo cha vidonda vingi, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo ana kimeng'enya kinachovunja urea. Mgonjwa hunywa urea yenye kaboni ya uzito wa 13, ambayo ni nadra na haina mnururisho. Ikiwa bakteria yumo, urea inavunjika, na baada ya kama nusu saa kaboni ile nzito inaonekana katika kaboni dioksaidi ya pumzi. Ni kama kumtia mwizi rangi mkononi. Sharti lake ni muhimu kwetu ambao hununua dawa dukani bila kuuliza: aliyetumia omeprazole wiki mbili zilizopita, au antibiotiki wiki nne zilizopita, anaweza kupata jibu la uongo kwamba hana bakteria.

Vipimo vyote vitano vina sura moja. Gesi inajulikana. Chanzo chake kinajulikana. Vinavyoweza kuivuruga vinajulikana, na mgonjwa anaelekezwa namna ya kujiandaa.

Kisukari: mahali pa kuwa macho

Kwa muda mrefu madaktari wamejua kwamba mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa anaweza kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda. Harufu hiyo ni ya asetoni. Mwili ukikosa insulini, seli haziwezi kutumia sukari, hivyo ini huvunja mafuta na kuzalisha tindikali ziitwazo ketoni. Asetoni ni mojawapo ya mazao yake, na hutoka kwa pumzi.

Kutokana na ukweli huo, wengine wameruka hadi kusema kwamba kupima asetoni ni kupima sukari. Sivyo. Asetoni inaeleza kwamba mwili unachoma mafuta. Mtu mwenye afya aliyefunga tangu jana usiku, aliyekimbia mwendo mrefu, au anayekula vyakula visivyo na wanga, atakuwa na asetoni ya juu huku sukari yake ikiwa ya kawaida au ya chini. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili anaweza kuwa na sukari ya juu sana na asetoni ya kawaida, maana insulini kidogo aliyo nayo inatosha kuzuia ketoni. Utafiti juu ya jambo hili ni mwingi, lakini uhusiano kati ya asetoni na sukari ya damu umeonekana kuwa dhaifu na wa kubadilikabadilika kati ya mtu na mtu.

Hebu tufikiri maana yake kwa mgonjwa. Anayetumia insulini huamua kipimo cha dawa kwa kuangalia namba. Namba ikidanganya kwenda juu, atajichoma insulini nyingi na sukari itashuka hadi azimie. Ikidanganya kwenda chini, ataacha dawa aliyoihitaji. Kwa hiyo kidole kinaendelea kuchomwa. Asetoni ya pumzi inaweza kuwa onyo la ziada juu ya ketoni, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya kipima sukari.

Pua ya kielektroni na panya wa Morogoro

Magonjwa kama kifua kikuu na saratani ya mapafu hayana gesi moja inayoyatambulisha. Watafiti hutafuta badala yake mchanganyiko wa gesi nyingi. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walieleza kifaa chenye vitambuzi kadhaa, kila kimoja kikiitikia gesi kwa namna yake kidogo. Ukisoma majibu yote kwa pamoja unapata mchoro, na kompyuta hufundishwa kutofautisha michoro. Hiyo ndiyo pua ya kielektroni.

Ugumu wake uko katika kufundisha. Tuseme wagonjwa wote wamepimwa wodini na wazima wote wamepimwa chuoni. Kompyuta inaweza kujifunza harufu ya dawa ya kupigia deki wodi na kutangaza kwamba imejifunza kifua kikuu. Hapo itafaulu sana katika karatasi ya watafiti, na ikipelekwa hospitali nyingine itafeli. Ndiyo maana pua nyingi za namna hii zimeng'ara katika majaribio madogo na hazijafika kwenye vituo vya afya.

Hapa kwetu Tanzania tuna pua nyingine ya kujifunza kutoka kwake. Shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, limefundisha panya buku kunusa kifua kikuu tangu mwaka 2007. Panya hawanusi pumzi ya mgonjwa; wananusa makohozi ambayo vijidudu vyake vimeuawa kwa joto. Panya mmoja anaweza kupita sampuli 100 kwa kama dakika 20. Lakini jambo la kuiga zaidi ni utaratibu unaofuata. Sampuli ambayo panya ameikwaruza haimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Inarudishwa maabara na kuthibitishwa kwa njia inayokubalika. Pua inaonyesha pa kutazama; maabara ndiyo inayohukumu.

Hesabu ambayo wengi huisahau

Mwezi wa Aprili mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kwa dharura kipimo cha pumzi cha UVIKO-19 kilichotafuta kemikali tano. Katika utafiti wa watu 2,409 kilitambua asilimia 91.2 ya wagonjwa, na kati ya wasio na ugonjwa kiliwaachia huru asilimia 99.3. Ni matokeo mazuri. Hata hivyo, mamlaka iliagiza kwamba aliyekutwa na ugonjwa athibitishwe kwa kipimo cha maabara. Kwa nini?

Tuchukue watu 10,000 ambao 420 kati yao wanaumwa. Kifaa kitawapata wagonjwa 383, na kitawasingizia wazima 67. Si mbaya. Sasa tuwachukue watu wengine 10,000, ambao 50 tu wanaumwa. Kifaa kilekile kitawapata wagonjwa 46 na kuwasingizia wazima 70. Yaani kati ya kila watu 5 wanaoambiwa wanaumwa, 3 ni wazima. Kifaa hakikubadilika, walibadilika waliopimwa. Ugonjwa ukiwa nadra, hata kipimo kizuri huwasingizia wengi, na kwa ugonjwa wenye unyanyapaa kama kifua kikuu, kusingiziwa ni jeraha.

Maswali ya kuuliza

Basi tukikutana na kifaa cha kupima afya kwa pumzi, kwenye maonesho, dukani au mtandaoni, tuulize haya:

1. Kinapima gesi gani hasa? Jibu likiwa "kinapima afya yako", tuondoke.
2. Gesi hiyo inatoka wapi mwilini, na inahusianaje na ugonjwa?
3. Nini kingine kinaipandisha au kuishusha? Mama anayepika siku nzima kwa mkaa katika jiko lisilo na dirisha anaweza kupimwa kaboni monoksaidi kama ya mvuta sigara, ilhali hajawahi kuishika.
4. Kimejaribiwa kwa nani na wapi, nje ya maabara ya waliokitengeneza?
5. Baada ya jibu, hatua inayofuata ni ipi? Kipimo cha kuchuja lazima kifuatwe na kipimo cha kuthibitisha.

Tunaamini vitambuzi hivi vitaendelea kuboreka, na siku itafika ambapo wengi wetu tutapuliza badala ya kuchomwa kwa magonjwa zaidi ya haya tuliyotaja. Hadi siku hiyo, mwenye kisukari asikiweke kabatini kipima sukari chake. Mwenye kisukari anayetapika, mwenye kiu isiyokwisha na anayehema kwa nguvu apelekwe hospitali mara moja, pumzi yake inukie asiinukie. Na aliyekohoa wiki mbili au zaidi apeleke makohozi kituo cha afya, hata kama kifaa fulani kimemwambia pumzi yake ni safi.